Kuchomelea mabomba ya AC bila kujiumiza wala kuua mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa mafundi wa viyoyozi, vijana wanaojifunza kazi, na wenye nyumba waliowahi kumwona fundi akiwasha moto sebuleni kwao wakabaki kujiuliza kama ni sawa. Majibu yanahusu zaidi mabomba ya shaba ya split (AC zenye mashine ya ndani na ya nje) za nyumbani na ofisini. Mifumo mikubwa inafuata kanuni zilezile, ila vipimo vyake vitafute kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Utaona jambo moja likirudi: kabla ya kuwasha tochi, jua ndani ya bomba kuna nini. Moto wa nje unauona na unajihadhari nao. Gesi iliyobaki, mafuta, hewa na shinikizo vilivyomo ndani huvioni, na hivyo ndivyo vinavyoumiza watu na kuua kompresa, pampu inayosukuma gesi kwenye mfumo.

Je, kila AC inayofungwa lazima ichomelewe?

Hapana. Split ndogo, za BTU 9,000 hadi 24,000, huja na nati za flea, yaani zinazobana mdomo wa bomba uliopanuliwa, kwenye mashine ya ndani na ya nje. Ukinunua bomba linalofika toka mashine moja hadi nyingine, unapanua midomo kwa kifaa cha flea, unapaka mafuta kidogo ya kompresa, unakaza kwa spana ya torki, basi. Tochi inabaki garini.

Moto unahitajika pale bomba lisipofika, likitoboka, unapobadilisha kompresa au kichujio, au kwenye mifumo ya VRF ambayo mashine moja ya nje hulisha vyumba vingi kupitia matawi. Pia bomba likilazimika kupita ndani ya ukuta na lazima liungwe humo, jointi iliyochomelewa ni bora kuliko flea, kwa sababu flea iliyozibwa na plasta hakuna atakayeweza kuikaza tena. Lakini mteja akikupa vipande viwili vya bomba vilivyobaki ili "kuokoa hela", mpigie hesabu ya fimbo za kuchomelea, naitrojeni, muda na uwezekano wa kuvuja baadaye. Mara nyingi bomba moja jipya ni nafuu.

Kwa nini nisiunge kwa risasi ya kawaida? Moto wake ni mdogo.

Ni mdogo, na nguvu yake ni ndogo vilevile. Kuunga kwa risasi hufanyika chini ya nyuzi joto 450. Kuchomelea kwa fimbo za shaba na fedha ni juu ya hapo. Shaba yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo fundi anafanya kazi kwenye nafasi iliyopo katikati: fimbo iyeyuke, bomba lisiyeyuke. Saa nane mchana Dar es Salaam au Mombasa, upande wa shinikizo kubwa wa AC yenye gesi ya R410A au R32 unaweza kupita bar 25 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kompresa inautikisa kutwa nzima. Risasi haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nitumie fimbo ipi?

Angalia unaunga nini na nini.

Shaba kwa shaba: fimbo ya shaba yenye fosforasi. Zipo zisizo na fedha kabisa, zipo za asilimia 2, 5 na 15 ya fedha. Ya asilimia 15 huanza kulainika karibu na nyuzi 645 na hutiririka vizuri kati ya 700 na 800. Inasamehe mkono unaojifunza, ila bei yake inauma. Flaksi (dawa ya kusafisha uso wa metali wakati wa kuchomelea) haihitajiki hapa, kwani fosforasi ndiyo inayosafisha uso wa shaba.

Shaba kwa brasi, kama miili ya vali: flaksi inahitajika.

Shaba kwa chuma: hapa ndipo wengi hukosea. Fosforasi ikikutana na chuma hutengeneza tabaka linalokatika kwa urahisi. Jointi inaonekana nzuri, inapita kipimo, kisha mtikisiko wa kompresa unaipasua baada ya miezi. Tumia fimbo yenye fedha nyingi, asilimia 45 au zaidi, pamoja na flaksi. Na usidanganywe na rangi: shingo za kompresa nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Beba sumaku ndogo kwenye boksi la vifaa. Ikinata, hiyo si shaba.

Jihadhari pia na fimbo za zamani za fedha zenye kadimiamu, metali yenye sumu. Moshi wake huua mapafu, na dalili huja saa kadhaa baadaye mtu akiwa amesharudi nyumbani. Fimbo isiyo na maandishi ya mtengenezaji, iache dukani.

Naitrojeni ni ya nini hasa? Babu zetu walichomelea bila hiyo.

Walichomelea mifumo ya gesi ya zamani ya R22 yenye mafuta ya madini, ambayo ilikuwa mivumilivu zaidi. Mambo yamebadilika.

Shaba ikifika kwenye wekundu huku ndani yake kuna hewa, oksijeni ya hewa hiyo inaiunguza. Nje utaona weusi na utaufuta kwa kitambaa. Ndani unabaki: magamba meusi membamba yaliyong'ang'ania ukuta wa bomba. Mashine za R410A na R32 hutumia mafuta ya sintetiki ambayo huyabandua magamba hayo na kuyasafirisha. Yanaziba chujio, yanakwama kwenye vali ya kupanulia gesi au kwenye kapilari (bomba jembamba sana), na yanayopita huingia kwenye kompresa. Mteja anakupigia baada ya miezi mitatu kwamba AC haipozi. Fundi anayefuata anaongeza gesi, tatizo linaongezeka, na lawama inamwangukia mtengenezaji.

Naitrojeni kavu ikipita ndani ya bomba wakati unachomelea, oksijeni haipo, na magamba hayatokei. Kata bomba lililochomelewa bila naitrojeni na lile lililochomelewa nayo uviweke mezani: moja ni jeusi kama sufuria ya kuni, jingine linang'aa kama lilivyotoka dukani. Mwanafunzi akiona hivyo mara moja huhitaji kumhubiria tena.

Jinsi ya kuipitisha: funga mpira kwenye mwisho mmoja wa bomba, mwisho mwingine uache wazi. Kwanza pitisha kwa nguvu kidogo kusukuma hewa yote itoke. Kisha punguza hadi mtiririko mdogo sana. Vitabu vya watengenezaji hutaja karibu 0.02 MPa, yaani kama psi 3. Kwa vitendo ni ule upepo unaouhisi kidogo tu kwenye ngozi ukiweka mkono kwenye mdomo ulio wazi. Chomelea, kisha uiache iendelee kupita mpaka bomba lipoe, maana shaba ya moto bado inaungua hata baada ya tochi kuzimwa.

Ukizidisha mtiririko, au ukisahau kuacha mwisho mmoja wazi, shinikizo linajikusanya na kusukuma fimbo iliyoyeyuka itoke nje. Utapata jointi yenye vitundu kama vya sindano, nawe utaendelea kuongeza fimbo juu yake bila mafanikio. Jointi ikikataa kuziba, kabla ya kulaumu fimbo angalia naitrojeni inatokea wapi.

Naitrojeni imeisha. Naweza kutumia oksijeni, hewa ya kompresa, au gesi yenyewe ya AC?

Oksijeni: usithubutu. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, hata pasipo cheche ya nje. Mafundi wamekufa hivi katika nchi mbalimbali, mara nyingi wakati wa kupima uvujaji, kwa sababu mtungi wa oksijeni ulikuwa karibu na wa naitrojeni ulikuwa mbali. Nakuomba mtungi wa oksijeni usiunganishwe na mfumo wa AC kwa namna yoyote ile, hata kwa sekunde moja.

Hewa ya kompresa ya gereji ina oksijeni na maji, yaani vitu viwili unavyovikimbia. Gesi ya AC ikipita kwenye moto hugeuka sumu, tutalifikia hilo. Kazi ya kuchomelea isubiri naitrojeni.

Mtungi wa naitrojeni wenyewe una hatari gani?

Mtungi uliojaa huwa na bar 150 hadi 200. Bila regyuleta (kifaa cha kupunguza shinikizo), shinikizo hilo likiingia kwenye koili ya AC linaipasua. Tumia regyuleta ya naitrojeni, fungua vali ya mtungi polepole ukiwa umesimama pembeni, na ufunge mtungi kwa mnyororo au kamba usianguke. Ukisafirisha, ondoa regyuleta na urudishe kifuniko. Mtungi ukivunjika shingo huruka na kutoboa ukuta.

Naitrojeni haina harufu wala rangi. Kwenye chumba kidogo kilichofungwa inasukuma oksijeni nje na mtu huanguka bila onyo. Fungua madirisha.

Kuna tobo dogo tu. Siwezi kulichomelea gesi ikiwa bado imo?

Huwezi, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, shinikizo. Ukipasha moto bomba lililofungwa, gesi inatanuka, shaba iliyolainika inafunguka, na yaliyomo yanakurukia usoni.

Ya pili, mafuta. Ndani ya kila mfumo kuna mafuta ya kompresa yanayozunguka na gesi. Yakitoka kama ukungu mbele ya tochi yanawaka mwali mrefu. Macho na nyusi ndivyo vinavyoanza.

Ya tatu, sumu. R22 ikipita kwenye moto hutoa asidi za kloridi na floridi na fosjini, gesi ileile iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. R410A na R32 hazina klorini, kwa hiyo fosjini haipo, lakini asidi ya floridi ipo na inachoma mapafu. Moto ukibadilika rangi kuwa wa kijani au bluu kali, au ukisikia harufu kali inayokaba koo, zima tochi na utoke nje. Usimalizie "kidogo tu kilichobaki".

Utaratibu ni huu: vuta gesi yote kwa mashine ya kuvutia gesi, uiweke kwenye mtungi wake. Sukuma naitrojeni ndani kuondoa mabaki. Fungua mfumo pande zote mbili, wa shinikizo kubwa na wa shinikizo dogo, uwe wazi kwa hewa ya nje. Kisha ndipo tochi.

Na kama unaondoa kipande cha zamani, usikibandue kwa moto. Kikate kwa kikata bomba, maana mafuta yaliyonasa kwenye jointi ya zamani hushika moto. Vivyo hivyo kwa kichujio cha zamani: ukikipasha, unyevu wote kilioushika miaka yote unarudi kwenye mfumo unaojaribu kuusafisha.

Naweza kurudisha gesi yote kwenye mashine ya nje badala ya kuivuta?

Ikiwa kompresa ni nzima na tobo liko upande wa ndani au kwenye mabomba, njia hiyo hutumika, lakini angalia sana. Mfumo ukiwa na tobo au nati iliyolegea, kompresa huvuta hewa pamoja na gesi. Hewa, mafuta na joto la mgandamizo ndani ya kompresa ni mchanganyiko wa injini ya dizeli, na mashine za nje zimewahi kulipuka hivyo. Zima kompresa kabla hujalegeza nati yoyote. Tobo likiwa kubwa, achana na njia hii, tumia mashine ya kuvutia.

Si ni rahisi kuachia gesi hewani? Wengi wanafanya hivyo.

Ni rahisi, na ni uharibifu. R22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. R410A na R32 haziharibu ozoni lakini huongeza joto la dunia, na makubaliano ya kuzipunguza yalifikiwa kwa majirani zetu Kigali mwezi Oktoba 2016. Mbali na sheria, kuna ubaridi: gesi inayotoka kwa kasi inagandisha ngozi ya vidole, na ikijaa kwenye chumba inasukuma hewa ya kupumua. Tena gesi ni pesa. Iliyovutwa ikiwa safi, inarudi kwenye mashine ya mteja.

R32 na R290 zinawaka. Nibadilishe nini?

R32 inawaka kwa shida: inahitaji kufika karibu asilimia 14 ya hewa ya chumba ndipo ishike. R290 ni propani, ndugu wa gesi ya jikoni, na inatosha asilimia 2 hivi. Friji nyingi mpya za nyumbani zina R600a, ya ukoo huohuo.

Kwa zote, kuvuta gesi peke yake hakutoshi. Vuta, sukuma naitrojeni, vuta vakyumu (toa kila kilichobaki ndani kwa pampu), sukuma naitrojeni tena, kata kwa kikata bomba, na ndipo uwashe moto huku madirisha yakiwa wazi na kipima gesi kikiwa sakafuni, kwa kuwa gesi hizi ni nzito kuliko hewa na hulala chini. Zima vyanzo vya cheche chumbani. Flea ya zamani ya ndani usiikaze tena kama ilivyo. Kata, tengeneza mpya. Kwa R290, kama unaweza kutumia jointi ya kubana isiyohitaji moto, itumie.

Usiamini sana lebo ya mtungi. Sokoni kuna mitungi iliyoandikwa R22 au R134a ambayo ndani ina mchanganyiko wa gesi zinazowaka. Mwaka 2011 makontena ya friji za meli yalilipuka na kuua mafundi huko Vietnam na Brazil, baada ya kujazwa R134a bandia yenye kloromethani, iliyoshambulia aluminiamu ndani ya mfumo. Ukikuta mashine iliyojazwa na mtu usiyemjua, ichukulie kuwa inawaka.

Tochi gani inafaa?

Kwa mabomba ya robo hadi robo tatu inchi, tochi nzuri ya mtungi mdogo wa gesi inayovuta hewa yenyewe inatosha, ikiwa upepo hauizimi. Mabomba makubwa yanahitaji oksijeni pamoja na gesi ya jikoni au asetilini, kwa sababu shaba hukimbiza joto haraka kuliko tochi ndogo inavyolileta.

Asetilini ina tabia zake. Mtungi wake usimame wima muda wote. Ukisafirishwa ukiwa umelala, uache usimame kwanza kabla ya kufungua. Usipandishe shinikizo la kutolea kupita bar 1, kwa maana hapo asetilini yenyewe inaweza kulipuka bila oksijeni. Usiunge mpira wake uliokatika kwa kipande cha bomba la shaba, jambo ambalo kila fundi wa AC anashawishika kulifanya kwa kuwa vipande vimejaa kwenye begi: asetilini na shaba hutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa. Oksijeni nayo haitaki mafuta wala grisi kwenye nati zake, hata ile ya mikononi. Weka vizuia moto kurudi kwenye mipira yote miwili, na ujaribu maungio kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha.

Mitungi isilale usiku ndani ya gari lililofungwa. Gesi inavuja kidogo kidogo, asubuhi unafungua mlango kwa rimoti, na cheche ya kufuli inatosha.

Jointi nzuri inatengenezwaje hatua kwa hatua?

Kata kwa kikata bomba, si kwa msumeno, ili unga wa shaba usiingie ndani. Ondoa makali ya ndani mdomo wa bomba ukitazama chini. Safisha kwa brashi au sponji ya kusugulia mpaka ing'ae. Panua mdomo wa bomba moja ili lingine liingie na kukaa bila kucheza. Uwazi unaotakiwa ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Fimbo huvutwa na uwazi mwembamba, na ukiwa mpana haivutwi bali inadondoka.

Washa naitrojeni. Tumia moto laini, usiwe na oksijeni nyingi. Anza na bomba la ndani, kwani ndilo linalopeleka joto katikati ya jointi, kisha hamia kwenye mdomo wa nje, zungusha tochi pande zote usiikazie sehemu moja. Shaba ikifika kwenye wekundu hafifu, gusa fimbo kwenye bomba upande wa pili na mwali. Bomba ndilo linaloyeyusha fimbo. Ukiyeyusha fimbo kwa mwali na kuidondosha juu ya bomba baridi, unapata pambo la nje lisiloshika chochote ndani. Fimbo hukimbilia kwenye joto, kwa hiyo sogeza tochi kidogo chini ya mdomo iivute iingie, kisha malizia kwa ukingo mwembamba kuzunguka.

Bomba likiwa jekundu linalong'aa kuelekea rangi ya chungwa, umepitiliza. Acha ipoe yenyewe mpaka wekundu uishe na fimbo igande, ndipo upitishe kitambaa chenye maji. Ukiimwagia maji ikiwa bado ya moto unaweza kuipasua. Kama ulitumia flaksi, isugue yote itoke kwa maji ya moto, maana ikibaki inakula shaba, na hewa ya chumvi ya pwani inaisaidia.

Jointi iko karibu na vali. Nifanyeje?

Toa pini ya ndani ya vali, funga mwili wa vali kwa kitambaa kilicholowa maji na ukiloweshe tena kila kikianza kutoa mvuke, na elekeza mwali mbali nayo. Ndani ya vali kuna mipira na plastiki zinazokufa mapema kabla shaba haijapata wekundu. Maji ya kitambaa yasiingie kwenye bomba lililo wazi.

Ninafanya kazi kwenye dari ya mbao au karibu na makuti. Kuna njia salama?

Njia ya kwanza ni kutofanya hapo. Jointi nyingi zinaweza kuchomelewa nje, chini, juu ya tofali, kisha bomba likapandishwa likiwa limeshaungwa. Panga kazi hivyo kabla hujapanda ngazi. Kwenye hoteli za makuti za Zanzibar, Diani au Bagamoyo, mimi ningesema huo ndio utaratibu pekee. Cheche moja kwenye makuti makavu ya kiangazi haikupi muda wa kushuka. Mji Mkongwe una boriti za mikoko na vumbi la miaka mingi ndani ya dari, ambalo linaungua polepole bila mwali na kuibuka jioni watu wameshaondoka.

Ikilazimika kabisa: pata ruhusa ya maandishi ya mwenye jengo. Zima umeme wa nyaya zilizo karibu. Sogeza sponji inayofunika bomba mbali, mikono miwili hivi, ufunge kitambaa kilicholowa mahali ilipoishia. Sponji ile ikiungua hutoa moshi mweusi mbaya. Weka shiti ya kuzuia moto nyuma ya jointi, na loanisha mbao zilizo karibu. Mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe mkononi mwa msaidizi, si garini. Kumbuka joto husafiri ndani ya shaba na kutokea upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo mtu mwingine awe huko anatazama.

Ukimaliza, usiondoke. Kaa nusu saa hadi saa nzima, shika mbao kwa mgongo wa mkono, nusa. Pangilia kuchomelea kuwe asubuhi, ili saa hiyo uitumie kwa vakyumu na kazi nyingine. Moto ukikushinda: Tanzania piga 114, Kenya 999 au 112.

Bomba la mteja ni jepesi na la rangi ya fedha. Linachomeleka?

Hilo ni aluminiamu, nayo imejaa kwenye seti za bei nafuu. Fimbo ya shaba na fosforasi haifai kabisa. Aluminiamu huyeyuka karibu na nyuzi 660 na haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka: unaitazama imetulia, ghafla imeanguka chini. Zipo fimbo na flaksi zake maalumu, ila ni kazi ya mkono uliozoea. Kwenye site, kata na uweke jointi ya kubana, au badilisha bomba lote kwa shaba. Zipo pia zilizopakwa rangi ya shaba. Zikwangue kwa kisu ujue.

Nivae nini?

Miwani yenye kioo cha giza kiasi, glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu. Nguo za nailoni huyeyukia kwenye ngozi. Kandambili, hapana.

Nimeungua, au nimevuta moshi wa gesi. Nianze na nini?

Kuungua: maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya mswaki, mafuta, yai au asali usipake. Ngozi iliyogandishwa na gesi ipashwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusugua.

Moshi wenye harufu kali: toka nje upate hewa safi na uende hospitali hata kama unajisikia nafuu, na umwambie daktari ulikuwa unachoma gesi ya AC. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, usiku, ukiwa umelala.

Nimemaliza kuchomelea. Napimaje?

Kwa naitrojeni, kwa awamu. Panda hadi bar 5, ngoja dakika kadhaa, sikiliza. Panda hadi 15, ngoja. Kisha hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Kwa R410A na R32 mara nyingi ni karibu bar 40. Vali za mashine ya nje ziwe zimefungwa. Regyuleta nyingi za kuchomelea zinaishia bar 10, kwa hiyo hakikisha yako inaweza. Paka povu la sabuni kwenye kila jointi, tumia kioo kidogo kuona nyuma yake.

Kwa mfumo mkubwa acha saa 24 na uandike joto la hewa pamoja na shinikizo. Kwenye bar 40, kila nyuzi moja inayoshuka hupunguza shinikizo kwa karibu bar 0.13. Ukifunga mchana wa nyuzi 33 na kusoma alfajiri ya nyuzi 25, kushuka kwa bar 1 si uvujaji. Likizidi hapo, tafuta tobo. Ukilipata, achia shinikizo lote kabla ya kugusa tochi.

Kisha vakyumu hadi mikroni 500 (kipimo cha vakyumu), zima pampu, tazama geji. Ikipanda na kutulia, ni unyevu. Ikipanda bila kukoma, ni tobo.

Mimi ni mwenye nyumba. Nitajuaje kama fundi anachomelea sawasawa?

Hesabu mitungi. Fundi aliyekuja kuchomelea akiwa na tochi na mtungi wa gesi ya AC pekee, hana naitrojeni, hata akuambie nini. Muulize kwa upole: "Fundi, naitrojeni utaipitishia wapi?" Anayeijua kazi atakuonyesha mpira na mwisho wa bomba ulio wazi. Angalia pia kama ana pampu ya vakyumu na mtungi wa kuzimia moto. Akitaka kuwasha moto kabla ya kuvuta gesi, mzuie. Na bei yake ikiwa juu kidogo ya mwingine kwa sababu ya naitrojeni, lipa. Kompresa mpya ina bei kubwa zaidi.